Juu ya Nini Hakucheza?



Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5 mwezi wa kwanza 2025, ibada yetu hapa Likasi ilikuwa na watu wa kutosha, lakini wababa hawakuimba. Mwimbishaji alianzisha wimbo wa shangwe, wamama wakaitikia, na upande wa wababa midomo ilikuwa imefungwa. Sikuuliza sababu. Jana yake TP Mazembe ilikuwa imepigwa 3 kwa 1 na Yanga kule Dar es Salaam. Majuma matatu mbele ya hapo, Yanga hao hao walikuja Lubumbashi wakasawazisha dakika za mwisho kabisa, 1 kwa 1. Mtu wa mji wa shaba akipata maumivu mawili ya namna ile, hata zaburi inamshinda.

Nyuma ya ibada wakakusanyika chini ya mti wa maembe, pahali wanapokutana kila mara. Pale hakuna asiyekuwa antreneri. Mmoja anasema mlinda goli alisimama vibaya, mwingine anasema mabeki walichoka, wa tatu anataka wachezaji wote wafukuzwe na kazi ianze upya na watoto wa mtaa. Mimi ninapita pale haraka, nikisalimia tu, maana nikisimama nitaombwa nihukumu kesi.

Lakini siku ile mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono. Ni mtu wa miaka 70, alifanya kazi miaka 27 pale Shituru, kwenye kiwanda cha shaba, na mtu akimtafuta saa Mazembe inacheza, asisumbuke kupiga hodi, maana redio itamjibu.

"Pasta," akaniambia, "weye ulisoma Shule ya Biblia. Niambie: mutu anachaguaka namna gani bachezaji kumi na moja?"

Nikacheka. "Baba, mimi si antreneri."

"Uko antreneri. Ekipe ya vijana ya kanisa iko ya nani?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Ekipe yetu ya vijana, mimi ndiye ninayeiongoza, si kwa sababu ninajua mpira, ila kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Nilipokuwa Shule ya Biblia nilicheza beki, na wanafunzi wenzangu wanakumbuka kwamba nilikuwa beki wa kuomba msamaha.

"Kuya ku nyumba," mzee akasema. "Tutakula bukari, na mambo ya Mazembe nitakufasiria."

MZEE NA EKIPE YAKE

Mama mzee alituwekea bukari na sombe, na samaki kidogo. Akanionya kwamba mume wake hali siku Mazembe inapopigwa, kwa hiyo nikimwona anakula nimshukuru Mungu. Alikula. Lakini alisema zaidi kuliko alivyokula.

Alianza mbali. Vijana wa leo, alisema, wanafikiri Mazembe ilizaliwa 2009. Haiko vile. Ekipe ile ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenedikto waliokuwa na shule kule Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya gari. Mwaka 1966 ilishinda kila kitu bila kupigwa hata mara moja, ndipo watu wakaanza kuiita Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. (Mimi kama mchungaji jina lile linanikwaruza kidogo, lakini sikulichagua mimi.) Mwaka 1967 na 1968 ikachukua kombe la mabingwa wa Afrika, mara mbili kwa kufuatana. Mzee alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati kombe la kwanza lilipofika.

Nikamkumbusha kwamba lile la 1967 lilikuwa na maneno kidogo: Asante Kotoko wa Ghana walitoka sare na Englebert mara mbili, 1 kwa 1 na 2 kwa 2, na siku ya mchezo wa tatu hawakuonekana kiwanjani.

"Kama hawakuya, hawakuya," mzee akasema, na akachukua tonge lingine. "Na 1968 je? Bale ba Togo tuliwapiga tano hapa kwetu."

Ni kweli, Étoile Filante ya Lomé ilipigwa 5 kwa 0. Kwao wakarudisha 4 kwa 1, lakini haikutosha. Jambo hilo la pili mzee hakulitaja, na mimi nikaacha bukari inipite shingoni.

Kisha akaweka mkono chini, akaniangalia. "Sasa nitakuambia ya Kazadi."

Wengi kati yenu vijana hamkumjua. Kazadi Mwamba alikuwa mlinda goli wa Mazembe na wa taifa, wakati inchi ilipoitwa Zaïre. Mwaka 1974 Zaïre ilikwenda kombe la dunia kule Ujerumani, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika pale. Mchezo wa kwanza walipigwa na Scotland 2 kwa 0, na haikuwa haya. Mchezo wa pili, tarehe 18 mwezi wa sita, walikutana na Yugoslavia. Antreneri wetu, Vidinić, alikuwa mtu wa Yugoslavia vilevile. Goli la kwanza likaingia, la pili, la tatu, na nusu saa ilikuwa haijafika. Hapo Kazadi akatolewa. Hakuwa na kidonda, hakuanguka. Aliitwa tu atoke, na mwenzake Tubilandu akaingia. Mchezo ukaisha 9 kwa 0. Mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyetoa amri ile.

"Nilikuwa na miaka 19," mzee akasema. "Tulikuwa tunasikia ku redio. Mutangazaji anasema, Kazadi anatoka. Baba yangu aliuliza: juu ya nini? Hakuna mutu alijibu. Baba alikufa 1988. Hakuna mutu alimujibu."

Nikaona kwamba kwa mzee huyu, magoli 9 si kitu kinachouma zaidi. Kinachouma ni mtu kutolewa kiwanjani bila kuambiwa sababu. Alirudia neno lile mara nyingi mchana ule: "Mutoshe mutu, uko na haki. Lakini umuambie juu ya nini." Nilidhani ni maneno ya mpira tu.

MPUTU HAKUWAKO

Sasa nikamuuliza swali ambalo vijana chini ya mwembe wanalipenda: mchezaji mkubwa anaweza kukosa kuchaguliwa na ekipe ikashinda?

Akacheka mara ya kwanza siku ile. "Ulisahau 2010?"

Sikusahau. Nani kati yetu alisahau? Trésor Mputu alikuwa nyota ya ekipe, kapiteni, na kwa mwaka 2009 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza Afrika yenyewe. Mwaka 2010 alikasirika na mwamuzi kwenye mchezo kule Kigali, mambo yakawa mabaya, na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Watu wakasema: Mazembe imekwisha. Na Mazembe ile ile, bila Mputu, ikapiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 Lubumbashi na kuchukua kombe la Afrika mara ya pili kwa kufuatana. Halafu mwezi wa kumi na mbili ikakwenda Abu Dhabi kwenye kombe la dunia la vilabu. Pachuca ya Mexico, 1 kwa 0, goli la Bedi. Internacional ya Brazil, 2 kwa 0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Ekipe ya Afrika ilikuwa haijafika fainali ile hata siku moja. Kwenye fainali Inter ya Milan ikatupiga 3 kwa 0.

Mama mzee, aliyekuwa akipitapita na vyombo, akaingilia: "Na Kidiaba?" Basi ikabidi tucheke wote. Robert Kidiaba, mlinda goli, kila goli likiingia upande wa pili alikaa chini na kurukaruka kwa matako, akizunguka. Watoto wetu wa Shule ya Jumapili walimwiga mpaka suruali zikatoboka, na wamama walikuja kulalamika kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Kidiaba.

"Lakini angalia," mzee akasema. "Mputu hakucheza juu ya kosa yake, na kila mutu alijua juu ya nini. Na bale batoto baliingia, balijua kama wakati yabo imefika. Hakuna kilio pale."

Mwaka uliofuata ikawa kilio. Mwaka 2011 Mazembe ilitolewa kwenye mashindano ya Afrika, si kwa magoli, ila kwa karatasi. Ilimchezesha Bokungu ambaye hakuwa na haki ya kuichezea mwaka ule, Simba ya Dar es Salaam ikapeleka mashtaka, na CAF ikakubali. Mzee anasema pale Simba walifanya vema kusema, hata kama iliuma. Hapa nilishangaa, maana mzee huyu si mwepesi wa kumpa mpinzani haki. Akaeleza kwamba kuchagua mchezaji si miguu tu. Kule Shituru, alisema, mtu aliweza kuwa fundi mkubwa kuliko wote, lakini kama jina lake haliko kwenye karatasi ya zamu, haingii, kwa sababu akifa ndani hakuna atakayejua kwamba alikuwa mle.

WAGENI NA WATOTO WA NYUMBANI

Katika mchezo ule ule na Simba, Mazembe ilimwona kijana mmoja wa Tanzania, Mbwana Samatta, akiwa na miaka 18 tu. Wakamnunua. Hapo ndipo tulipofika kwenye ugomvi mkubwa wa chini ya mwembe, ule ambao hauishi: ni nani acheze, mgeni au mtoto wa nyumbani?

Mwaka 2015 Mazembe ilichukua kombe la mabingwa mara ya tano. Fainali walipiga USM Alger 2 kwa 1 kule Algiers na 2 kwa 0 hapa. Goli moja la Lubumbashi lilikuwa penalti ya Samatta, lingine la Assalé, mtu wa Côte d'Ivoire. Katika ekipe alikuwamo mlinda goli Gbohouo, wa Côte d'Ivoire naye. Kulikuwa na Kalaba na Sinkala wa Zambia, Ulimwengu wa Tanzania, Coulibaly wa Mali. Wakongomani uwanjani walikuwa wachache, na antreneri, Carteron, alikuwa Mfaransa. Tulicheza ngoma wote. Halafu usiku, watu walipotulia, wababa wengine wakaanza kuuliza: kombe hili ni la nani?

Nilifikiri mzee atakuwa upande wa wale wanaotaka wageni waondoke. Hapana.

"Samatta alikuya mutoto," akasema. "Balimungojea. Alikaa, alijifunza, alikomaa, na 2015 alikuwa kati ya bafungaji bakubwa mu kombe yote. Mwezi wa kwanza 2016 alienda Genk kule Belgique. Minasema vile: kama tuliweza kungojea mutoto wa Tanzania myaka ine, juu ya nini hatuwezi kungojea mutoto wa Likasi?"

Shida yake si mgeni. Shida yake ni kwamba mgeni anapewa muda na mtoto wa nyumbani anapewa dakika kumi. Akikosa mpira mmoja, mashabiki wanapiga kelele, na wa kwanza kupiga kelele ni jirani wa mama yake. Hapo mzee alikubali kwamba yeye mwenyewe amewahi kupiga kelele namna ile.

Nikamwambia kwamba mambo hayakusimama pale. Mwaka 2016 na 2017 Mazembe ilichukua kombe la Shirikisho mara mbili, na la 2017 lilipatikana chini ya Mihayo, mtoto wa nyumbani aliyekuwa mchezaji kule Abu Dhabi. Tena kuna shule ya mpira ya Katumbi inayolea watoto. Akatikisa kichwa kwamba anajua. Na mwezi wa nne 2024 ekipe, ikiwa na vijana wengi na Lamine N'Diaye, antreneri yule yule wa 2010, ilifika nusu-fainali ya mabingwa. Ikatoka 0 kwa 0 na Al Ahly Lubumbashi, ikapigwa 3 kwa 0 Cairo.

Basi, nikauliza, imekuwaje miezi tisa tu nyuma yake ekipe ile ile haiwezi kutoka kwenye kundi? Maana ndivyo ilivyokuja kuwa: mwezi ule wa kwanza 2025 Mazembe ilimaliza ya mwisho, nyuma ya Al Hilal ya Sudani, MC Alger na Yanga.

Jibu la mzee nililiandika nyumbani usiku ule, kwa sababu lilinipendeza. Hakusema kulogwa, na hakusema wachezaji ni wavivu. Alisema habari ya shaba.

Kule Shituru, alieleza, shaba inakuwa ndani ya maji ya asidi, ndani ya matanki. Umeme unapita, na shaba inashika kwenye bamba polepole, siku kwa siku, mpaka bamba linakuwa nene. Umeme ukikatika, kazi haisimami tu pale ilipofika. Ile shaba iliyokwisha kushika inaanza kuyeyuka na kurudi ndani ya asidi. Umeme ukirudi unakuta bamba limepungua.

"Foma ya ekipe iko vile," akasema. "Haisimamake. Inapanda ao inayeyuka."

Sasa hesabu, akaniambia. Mwaka 2020 ligi yetu ilisimamishwa kwa sababu ya korona. Msimu wa 2022 mpaka 2023 ligi haikufika mwisho wake. Ekipe ya Afrika ya Kaskazini inacheza kila juma, mchezo mgumu. Yetu inakaa, inacheza, inakaa tena. Halafu kijana mzuri akitokea, akicheza vema miezi sita, anauzwa. Hilo la kuuza mzee halilaumu sana, maana kijana naye ana mama. Lakini bamba haliwi nene.

Nikaona ni hesabu ya mtu aliyefikiri. Ninajua wako watakaoipinga, hasa ndugu zetu wa Lupopo, ambao watasema kwamba Mazembe ilipigwa tu kwa sababu ni mbaya. Nawasalimu pia, wako wengi katika kanisa letu, na sadaka yao ni sawa.

VIATU UKUTANI

Nilisimama kuaga. Mama mzee akamwambia mume wake, "Umuambie sasa." Mzee akasema, "Anajua." Mama akasema, "Hapana, hajue."

Hapo nikaona viatu vya mpira vimetundikwa kwa kamba kwenye msumari, ukutani. Vilikuwa vikavu, na udongo wa zamani ungali chini yake. Ni vya mjukuu wao, kijana wa miaka 17, aliyekuwa akicheza upande wa kushoto katika ekipe yetu ya kanisa. Nilikuwa sijamwona majuma manne. Nilidhani amekwenda kwa shangazi yake Kolwezi kwa sikukuu.

Ndugu msomaji, sasa lazima niandike jambo langu. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa na mchezo na vijana wa kanisa jirani, mchezo ambao watu walikuwa wakiungojea tangu Pasaka. Kijana huyu alikuwa amefanya mazoezi yote, mvua na jua. Siku ya mchezo nikamkalisha, nikamwingiza mwingine, ambaye alikuwa amekuja kwenye mazoezi mara mbili. Baba wa huyo mwingine alikuwa ametununulia mayo mpya kwa ekipe yote, 14, nyeupe na nyeusi, na alikuwa amekaa mbele na jamaa yake kumwangalia mtoto wake. Mjukuu wa mzee alikaa chini dakika 90 katika mayo mpya ile ile. Mwisho wa mchezo nilipita karibu naye nikasema, "Mungu akubariki, kijana." Basi. Sikusema neno lingine.

Alivua mayo, akaikunja, akaiweka juu ya mfuko wa mipira. Siku ya pili alikwenda na wenzake kuchimba, upande wa Kambove.

"Kila usiku mvua inanyesha," mama mzee akasema, "huyu baba halale."

Wenyeji wa miji yetu hawahitaji kuelezwa. Mwezi wa kwanza udongo unakunywa maji unakuwa mzito, na mashimo ya wachimbaji wa mkono hayana miti ya kutosha ya kushika kuta. Katika huduma yangu nimezika vijana waliotolewa kwenye mashimo. Mzee alikuwa amenilisha bukari na kunipitisha kwa Kazadi na kwa Mputu na kwa Samatta, akingoja nifike mwenyewe kwenye msumari ule. Sikufika. Ilibidi mama anionyeshe.

Siku ya tatu ya juma nilipanda pikipiki nikaenda. Nilimkuta kijana ameketi juu ya mfuko, uso mwekundu wa vumbi, anakula muhogo. Alisimama kwa heshima.

"Pasta, mulikuya kutuombea?"

"Nilikuja kukuambia juu ya nini hukucheza."

"Minajua, Pasta. Ni juu ya mayo."

Nikasema ndiyo. Nikasema nilikosa, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ile ile. Akaangalia chini muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Kama ningecheza mubaya na munitoshe, ningekubali. Lakini mulisema Mungu anibariki."

Nikamwambia mazoezi ni siku ya posho, saa tisa. Hakuahidi.

Siku ile ya posho hakuja. Iliyofuata alikuja, amechelewa, na viatu mkononi. Wenzake hawakusema kitu, wakamrushia mpira tu. Tangu siku ile, mbele ya kila mchezo, ninasoma majina mbele ya wote, na kila anayekaa ninamwambia sababu, mbele ya wenzake kama anataka, au pembeni. Ni kazi ya kuchosha. Vijana wengine wanabisha, na mara mbili nimegundua kwamba wao ndio wenye haki nikabadilisha. Yule baba wa mayo, nilipokwenda kumweleza nyumbani kwake, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama basi nataka kumrudishia mayo. Siku mbili za Bwana hakuonekana kanisani. Ya tatu alikuja, akaketi nyuma. Mtoto wake anacheza, lakini sasa anakuja mazoezini.

Mjukuu hajaacha machimbo kabisa. Nyumbani mwao pesa ya shule haipatikani kila mwezi, na maneno yangu hayalipi shule. Kamati ya kanisa ilikubali kulipa nusu ya mwaka, nusu nyingine tunaitafuta. Juma ambalo amekwenda Kambove, mzee ananiambia mlangoni mwa kanisa, kwa kichwa tu, na mimi ninajua.

Mchezo wake wa kwanza nyuma ya haya yote nilimwingiza nusu ya pili. Alikuwa ameacha mazoezi majuma sita, na ilionekana. Pumzi ilikwisha nyuma ya dakika 15, mara mbili beki wao alimpita, na goli lao la pili lilitoka upande wake. Tulipigwa 2 kwa 1.

Nilipokuwa ninakusanya mipira, mzee alikuja taratibu na fimbo yake mpaka katikati ya kiwanja.

"Pasta," akasema, "mutoto hana foma. Juu ya nini ulimuingiza?"